Figo ya Mtani

Siku ya thelathini na nane tangu figo ya Mpare ianze kufanya kazi ndani ya tumbo la Mchaga, Mzee Gaudensi Tarimo aliamshwa na sauti iliyotoka chini ya mfupa wa bega lake la kushoto.

"Mwenyeji, habari za asubuhi. Kuna watu wanaingia bila kibali."

Mzee Gaudensi alifumbua jicho moja. Miaka thelathini na moja alikuwa amekaa dirishani pale Holili, mpakani, akigonga mihuri kwenye pasi za wasafiri, na maneno hayo yalimwamsha kuliko chai.

"Wangapi? Wamepitia wapi?"

"Bakteria elfu kumi na nne, kwa hesabu ya awali. Wamepitia kidole gumba cha kushoto. Neutrofili, zile seli nyeupe za damu, zimefika na zinawala."

"Basi waache waliwe."

"Neutrofili zikishakula zinakufa, mwenyeji. Huo usaha ulio kwenye leso yako ni maiti zao. Nakuomba uache kuuficha chini ya mto."

Mzee aliangalia mlango wa wodi, akaona hakuna muuguzi, akafungua leso. Kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi ya kuchoma, chekundu, kinapwita. Juzi alasiri, uani mwa hospitali, yeye na mtani wake walishindana kumenya ndizi mbichi za supu ya mtori, mkungu kwa mkungu, wagonjwa wengine wakiwa waamuzi. Mchaga kushindwa kumenya ndizi na Mpare ni jambo lisilozungumzika. Ndizi ya kumi na tisa kisu kiliteleza. Mzee Gaudensi alifunga leso haraka, akatangaza kwamba mchezo umeahirishwa kwa sababu ya jua kali, na tangu hapo hakumwambia mtu.

Zamani kidogo kidonda cha namna hiyo kisingemnyima mtu usingizi. Babu yake Gaudensi alimeza vidonge siku tano, akarudi shambani. Lakini vijidudu vilivizoea vile vidonge jinsi mtoto mtundu anavyozoea fimbo, mwisho vikawa havishtuki tena, na viwanda vikaacha kutengeneza vidonge hivyo. Ndipo akaja Kiranja. Ni kidude kisichozidi kifungo cha shati. Hupandikizwa chini ya ngozi, hunong'oneza seli nyeupe za damu kwa kemikali, huzielekeza pa kwenda na wa kumshughulikia, kisha humpa mwenye mwili taarifa kwa sauti ya msomaji wa habari aliyeshiba. Nusu ya nchi ilikuwa naye. Hakuna aliyempenda, na hakuna aliyekuwa tayari kumtoa.

Kiranja ana madaftari mawili, la Wenyeji na la Wavamizi. Aliye kwenye la kwanza haguswi. Aliye kwenye la pili analiwa. Na ili ajue nani ni nani, Kiranja husikiliza. Kila neno linalosemwa karibu na mwenye mwili hulipima, pamoja na mapigo ya moyo, akijifunza ni nani rafiki na ni nani hatari. Wataalamu waliombuni waliona huo ni ujanja mkubwa, na sehemu nyingi za dunia ulikuwa ujanja kweli.

"Hodi humu!" sauti ilinguruma mlangoni. "Mchaga, umeamka au umeshakufa nichukue mali yangu?"

Aliyeingia alikuwa Eliamani Mgonja, karani wa mahakama mstaafu, mwembamba, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, chupa ya chai mkononi. Kwa miaka thelathini walikuwa majirani pale Himo, ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyetoa figo. Alipoambiwa kwamba za Gaudensi zimekufa zote mbili, alikwenda kupimwa bila kumwambia mtu, akarudi na karatasi, akasema anataka figo yake irudishwe ikiwa imeoshwa.

"Mali ipi, mwizi wewe?" Mzee Gaudensi alijibu, akiingiza mkono mbovu chini ya shuka. "Figo yenyewe inanuka makande. Usiku kucha inanidai wakili."

"Ina haki ya wakili. Imefungwa bila hatia kwa mtu asiyejua hata kumenya ndizi."

"Toka wodini kwangu."

"Sitoki. Nimekuja kukagua mali."

Mzee Gaudensi alikuwa anatafuta tusi la kumaliza kazi, na alikuwa nalo moja zuri kuhusu koti, lakini Kiranja aliwahi.

"Mwenyeji, nimekamilisha uchunguzi. Mvamizi wa pili amethibitishwa. Yumo tumboni, upande wa kulia chini, na alama zake ni za huyu aliyesimama mlangoni. Seli za T zimepewa amri ya kumwondoa."

Mgonja aliweka chupa ya chai chini polepole.

"Kidude chako kimesema nini?"

* * *

Daktari Tunsume Mwakalinga alikuja mbio, na alipofika jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufunua shuka na kukitazama kile kidole. Aliinama akatazama mfuko wa mkojo uliokuwa unaning'inia pembeni mwa kitanda. Jana yake ulikuwa umejaa lita mbili. Leo, tangu alfajiri, ulikuwa na kiasi cha kikombe kimoja.

"Shikamoo, Mzee Tarimo."

"Marahaba, binti yangu. Ni mchubuko tu."

"Mzee wangu, wekundu umeshapita kiwiko." Alivuta kiti, akafungua kishikwambi chake. "Nimesoma rekodi za Kiranja. Naomba niwasomee, maana sijui nicheke au nilie. Tarehe tatu, saa mbili asubuhi. Mtoa figo kwa mwenyeji: 'Usijisumbue kufa sasa, maana Mchaga hafi mpaka ale Krismasi kwao.' Uamuzi wa Kiranja: kitisho cha kifo, kimepangiwa mwezi."

Mgonja alijikohoza. "Hiyo nilisema mimi."

"Tarehe tano. Mwenyeji kwa mtoa figo: 'Wewe ulitoa figo ili upate mtu wa kumshtaki.' Uamuzi: ugomvi wa mali. Tarehe tisa. Mtoa figo ameondoka na blanketi la mwenyeji bila kuaga. Uamuzi: wizi."

"Lile blanketi nilichukua kwa haki yangu ya mtani!" Mgonja alisimama kabisa. "Hakuna mahakama nchi hii itakayonitia hatiani."

"Mimi najua, mzee wangu. Hata sisi Wanyakyusa tuna watani wetu. Lakini Kiranja hajui. Jana usiku niliwaandikia waliombuni. Wamenijibu wakaniuliza utani ni ugonjwa gani, na unaambukizwa vipi."

Mzee Gaudensi alicheka peke yake, halafu akaona daktari hacheki, akaacha.

Dk. Tunsume aliwaeleza bila kuzunguka. Wiki tano zote Kiranja alikuwa anaihifadhi ile figo kwa sababu yeye daktari aliiandika kama mgeni wa muda, huku kesi ikichunguzwa. Sasa Kiranja amefunga uchunguzi. Seli za T, ambazo kazi yake ni kumtambua asiye wa hapo na kumuua mmoja mmoja, zilikuwa zinajipanga kuizunguka. Ifikapo saa kumi jioni, figo itakuwa nyama tu.

"Zilazeni," alisema Mgonja. "Zamani si walikuwa wanawapa watu dawa ya kuzilaza?"

"Nikizilaza, zinalala zote. Na za kwenye kidole pia. Huyo bakteria aliye mkononi hana dawa, Mzee Mgonja. Kinachomzuia asifike moyoni ni seli nyeupe hizohizo zinazotaka kula figo. Nikizilaza tunabaki na figo nzuri ndani ya maiti."

"Na ukiziacha macho?"

"Tunaokoa mkono, tunapoteza figo. Na nyingine hatuna. Mzee atarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na mishipa yake nyote mnajua ilivyochoka. Sitaki kuwadanganya. Hatamaliza mwaka."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anatafuna muwa.

"Kuna njia ya tatu," daktari alisema, bila furaha. "Mzee Tarimo amhamishie Mzee Mgonja kwenye daftari la Wenyeji. Atamke kwamba huyu ni ndugu yake. Lakini Kiranja hapokei uongo. Tangu tajiri mmoja alipomfundisha Kiranja wake kwamba pombe kali ni maji ya kunywa, sheria imekaza. Maneno na mapigo ya moyo lazima vikubaliane. Na akishaingia kwenye daftari la ndugu, basi. Hakuna matusi tena kati yenu mpaka kufa. Tusi moja tu, kesi inafunguliwa upya."

Mzee Gaudensi aliogopa, na hakuogopa kufa. Mkewe Filomena alikuwa amemzika miaka sita iliyopita. Watoto walikuwa Mwanza na Uturuki, wakipiga simu Jumapili kwa zamu. Kilichobaki cha kumwamsha asubuhi kilikuwa sauti ya huyu mtu mrefu juu ya ukuta, ikiuliza kama Mchaga ameshakufa. Sasa anaambiwa achague kati ya maisha na hiyo sauti, kana kwamba vilikuwa vitu viwili.

"Mimi niko tayari," Mgonja alisema. "Nitakuwa na adabu. Niliwahi kuwa na adabu mwaka mzima nilipokuwa chini ya jaji fulani. Mtu hafi kwa adabu."

* * *

Mgonja alitoka nje akae kidogo ajiandae. Aliporudi alikuwa amechana nywele. Alisimama miguuni mwa kitanda, akaunganisha mikono mbele kama msoma risala, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, ndugu yangu Tarimo."

Walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja. Mzee Gaudensi alivuta shuka mpaka kifuani.

"Ma... marahaba."

"Naomba kukujulia hali, ndugu yangu mpendwa. Umependeza sana leo."

"Mapigo mia na kumi na nane," alisema Kiranja.

"Asante, ndugu... mheshimiwa... Eliamani." Alimtazama usoni yule mtu aliyemfahamu miaka thelathini na hakumwona. Mara ya mwisho kusikia sauti kama hiyo ilikuwa siku ya msiba. "Eliamani. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, ndugu yangu."

"Sema tu. Ni mwanangu? Ni wa Uturuki?"

"Wote wazima, ndugu yangu mpendwa. Nimekuja tu kukutakia heri na afya njema."

"Basi ni wewe! Wamekupima wakakuta nini? Kaa chini uniambie!"

"Mapigo mia na thelathini na moja," alisema Kiranja. "Tahadhari. Mvamizi amebadili mbinu. Anatumia sauti laini. Kauli ya mwenyeji ni 'ndugu', hali ya mwili ni hofu kubwa. Kauli imekataliwa. Seli za T za nyongeza zimetumwa kwenye figo."

Dk. Tunsume alipiga magoti kutazama mfuko. Matone yalikuwa yamesimama kabisa. "Jaribuni tena," alisema. "Taratibu."

Walijaribu tena. Mgonja alimpangusa mwenzake jasho, akamwita tunu. Mapigo yakafika mia na arobaini. Akamwimbia ubeti wa wimbo wa kanisani, na Mzee Gaudensi, ambaye sasa hakuwa na shaka kwamba anaagwa, akaanza kutubu dhambi kwa sauti, pamoja na lile roli la waya wa fensi la mwaka ule ambalo siku zote alisema limeibwa na Wamasai.

Mgonja aliacha kuimba.

"Wewe ndiye uliyechukua waya wangu?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Miaka kumi na saba!" Adabu yote ilimtoka Mgonja kwa mara moja, na koti likafunguka kifungo. "Miaka kumi na saba namtuhumu Mmasai wa watu, kumbe jambazi liko ukuta wa pili! Mpumbavu wewe! Figo yangu imefanya kazi kwangu miaka sitini na nane haijalalamika, kwako wiki tano tu imeshagoma! Nani asingegoma, imepelekwa kwenye tumbo la mbege? Hata ndizi hujui kumenya! Ukifa leo nakushtaki kwa uharibifu wa mali, na ukipona nakushtaki kwa waya!"

Mzee Gaudensi alimsikiliza mdomo wazi. Kisha kicheko kikaanzia mbali huko chini, karibu kabisa na mahali penye figo, kikapanda, kikamtikisa mpaka mishono ikauma na machozi yakamtoka. Hakuna aliyekufa. Eliamani alikuwa mzima, mchafu wa mdomo kama siku zote, na dunia ilikuwa palepale alipoiacha jana.

"Mpare mlafi wewe," alisema akihema. "Waya wenyewe ulikuwa na kutu."

Daktari aliangalia kishikwambi chake, akakiangalia tena. Mapigo yalikuwa sabini na nne.

Na Kiranja, kwa mara ya kwanza tangu apandikizwe, alichelewa kusema.

"Mwenyeji," alisema mwishowe. "Maneno ni ya vita. Mwili una amani. Nifuate kipi?"

* * *

Dk. Tunsume alikaa kitandani kabisa, jambo lililokatazwa kwenye tangazo lililobandikwa ukutani na yeye mwenyewe.

"Kuna jambo linawezekana," alisema, "na ninaliogopa. Kati ya seli nyeupe kuna ambazo hazipigani. Tunaziita seli tulizi. Zinapita nyuma ya wenzao wenye hasira zikisema basi, inatosha, huyo mwacheni. Bila hizo, askari wako wangeshakula magoti yako na ngozi yako, maana wakishapandwa na hasira hawajui kuacha. Kiranja anaweza kuzituma kwenye figo peke yake, na wengine wakabaki macho kwenye kidole."

"Sasa unangoja nini?" aliuliza Mgonja.

"Anahitaji sababu. Anahitaji daftari la tatu, la mtu asiye ndugu wala mvamizi. Anayetukana na haui. Nikimfundisha hivyo, nimemfundisha mlinzi kwamba kuna mgeni wa kucheka naye. Kesho itakuja saratani. Saratani huanza kama mtu wa nyumbani kabisa, mzee wangu, inajua lugha ya hapo. Nani ataniambia kwamba Kiranja hatacheka nayo ikapita? Mlinzi mkali anaua figo moja. Mlinzi mlegevu anaua mtu."

Mzee Gaudensi alifikiri. Mkono ulikuwa unawaka moto hadi begani, lakini swali hilo alilifahamu vizuri kuliko swali lolote duniani. Alikuwa amelilipia.

"Pale Holili kulikuwa na mama wa nyanya," alisema. "Alivuka kila asubuhi na tenga lake, jioni anarudi. Pasi hana. Sheria inasema mrudishe. Lakini alikuwa ananitukana kila siku, eti nimevaa kofia ya mume wake. Nilimjua yule mama. Sikufungua mpaka, daktari. Nilichukua daftari langu mwenyewe, ukurasa wa mwisho, nikaandika jina moja."

"Na hukuwahi kukosea?"

Angeweza kusema hapana. Kiranja alikuwa anasikiliza, lakini hata kama asingekuwepo, binti wa watu alikuwa ameuliza kwa moyo.

"Nilikosea mara moja. Kijana mmoja mcheshi sana. Kicheko chake kilinifanya nisifungue buti la gari. Ndani kulikuwa na pembe za ndovu. Nilishushwa cheo, na nilistahili. Mama wa nyanya niliendelea kumwandika. Lakini kijana yule nilimjua kwa siku tatu, mama nilimjua kwa miaka tisa. Mimi nasema mwachie huyu wangu jina moja. Akikosea, amekosea mwilini mwangu, si mwa mtu mwingine."

Dk. Tunsume alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. Saa ya ukutani ilikuwa nane na nusu.

"Jina moja," alisema. "Likiingia la pili bila ruhusa yangu, nalifunga daftari siku hiyohiyo. Mzee Mgonja, figo ni yako kwa asili. Nawe unakubali?"

"Nataka kwa maandishi."

"Mzee Mgonja!"

"Nakubali. Lakini maandishi yaje."

"Basi Mzee Tarimo, mwambie Kiranja huyu ni nani. Si ndugu, si adui. Sema ukweli, na uuseme yeye akisikia."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Watani hawaambiani mambo hayo. Miaka thelathini ya kutukanana ilikuwa ni miaka thelathini ya kutosema neno hilo moja, na wote wawili walikuwa wameishi vizuri hivyo. Mgonja tayari alikuwa ameshageuka, anasoma tangazo la ukutani lililokataza kukaa vitandani.

"Kiranja," Mzee Gaudensi alianza. "Siku ya kumzika mke wangu, nilikuwa nimekaa kama gogo. Siku tatu sijala, sijalia. Jeneza limeinuliwa, limefika getini. Huyu mtu akaja akalala chini katikati ya njia, na suti yake, kwenye tope. Akasema jeneza halipiti, kwa sababu Filomena ameondoka na sufuria yake ya makande, na yeye hatoki hapo mpaka marehemu atoe maelezo. Padri kakasirika. Wageni wa mjini wanasema huyu ni mlevi, mwondoeni. Na mimi nikacheka, Kiranja. Nilicheka nikapiga magoti palepale, ndipo machozi yakatoka. Ningekufa wiki ile. Nilikuwa nimeshaamua. Yeye alijua, ndiyo maana alilala kwenye tope." Alivuta pumzi. "Basi ndiye huyo. Kila tusi lake ni kunihesabu kama bado nipo. Siku akiacha kunitukana, hapo ndipo unipe taarifa ya hatari."

Mgonja bado alikuwa anasoma tangazo. Lilikuwa na mistari miwili.

"Mapigo themanini na mbili," alisema Kiranja. "Kauli na mwili vinakubaliana. Kauli imepokelewa. Daftari liitweje?"

"Watani."

"Daftari la Watani limefunguliwa. Jina moja. Seli tulizi zimeondoka kwenda kwenye figo."

"Mzee usiyejua aibu," Mgonja aliuambia ukuta, na sauti yake haikuwa sawa. "Unanitangaza mbele ya mashine."

Wakakaa kungoja. Saa tisa mfuko ulikuwa haujaongezeka hata tone. Saa tisa na nusu vilevile. Mgonja alivuta kiti chake akaukazia macho ule mfuko, kama anayengoja hakimu arudi na hukumu. Saa kumi kasoro dakika tano tone moja lilijikusanya kwenye ncha ya mpira, likaning'inia pale, likadondoka. Likafuata jingine.

Karani mstaafu wa mahakama alilia waziwazi, kisha akafuta uso kwa blanketi la mwenzake, akaondoka nalo.

* * *

Siku ya nne wekundu ulikuwa umerudi mpaka kiganjani. Seli walaji zilikuwa zinazoa maiti, kingamwili zilikuwa zimejaa damuni, na seli za kumbukumbu zilikuwa zimeshanakili sura ya yule bakteria ili akirudi asiulizwe mara mbili. Mzee Gaudensi alikuwa ameketi na bakuli la mtori, na Mgonja kwenye kiti, akilisema bakuli hilo vibaya.

"Kiranja, taarifa ya figo," Mzee aliagiza.

"Doria ya seli za T ilipita kwenye figo saa kumi na mbili asubuhi. Zimeitukana, zikaendelea na safari."

Mgonja alikaribia kudondoka kitini. "Zimeitukanaje?"

"Zimeiuliza kwa nini inanuka makande." Kiranja alisita. "Mwenyeji, kuna taarifa nyingine. Asubuhi ya leo ameingia bakteria mpya kwa njia ya koo. Mcheshi sana. Nimemwacha apite."

Kijiko kilitumbukia kwenye mtori. Mzee Gaudensi aliliona lile buti la gari, na pembe zilivyokuwa zimefunikwa kwa turubai la kijani. "Umemwacha! Mpumbavu wewe, yuko wapi sasa? Eliamani, muite daktari!"

"Mapigo mia na ishirini na mbili," alisema Kiranja. "Ameliwa saa moja iliyopita, mwenyeji. Nilikuwa nakutania."

Mgonja ndiye aliyeanza, kicheko chembamba cha puani, na Mzee Gaudensi hakuweza kujizuia.

"Mshenzi wewe!" alilifokea bega lake, akijipangusa machozi. "Kifungo cha shati! Takataka ya kiwandani! Nitakung'oa kwa koleo!"

"Mapigo sabini na tano," alisema Kiranja, na safari hii ile sauti ya msomaji wa habari ilikuwa chini, karibu kama ya mtu. "Maneno ni ya vita. Mwili una amani. Nimeongeza jina la pili kwenye daftari, mwenyeji. La kwangu."

Wazee wawili walitazamana. Koridoni viatu vya Dk. Tunsume vilikuwa vinakuja, kisha mlango ukafunguka.

"Shikamooni, wazee wangu. Nasikia vicheko. Daftari letu linaendeleaje, Mzee Tarimo? Bado jina ni moja?"

Mzee Gaudensi alitazama mfuko uliojaa vizuri pembeni mwa kitanda. Alimtazama Mgonja, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi kwenye kifungo cha koti.

"Moja," alisema.

Kisha akatulia, akingoja sauti ya chini ya bega iikatae kauli. Alihesabu mpaka kumi. Kiranja alinyamaza.